Kura 537 za Florida na lawama wanazotwishwa vyama vya tatu

Novemba 2000 Wamarekani walipiga kura, kisha yakapita majuma matano ya kuhesabu, kuhesabu upya na kuvutana mahakamani kabla George W. Bush hajatambuliwa kuwa mshindi wa jimbo la Florida. Alimpita Al Gore kwa kura 537 kati ya karibu milioni sita, na Florida ndiyo iliyomwingiza Ikulu. Katika jimbo hilohilo Ralph Nader wa Chama cha Kijani alipata kura 97,488. Tangu hapo tarakimu hizo mbili hazitengani. Kila penye uchaguzi wa kubanana na mgombea wa tatu mwenye wafuasi kiasi, hutokea mtu akaziweka pamoja na kusema: huyu naye atatuharibia.

Hofu hiyo ina msingi na sitaipuuza. Lakini nimeirudia hesabu ya Florida mara nyingi, na kila ninapoirudia naona imetwishwa mambo isiyoweza kuyabeba. Ikishatajwa, mjadala wa vyama vya tatu, yaani vilivyo nje ya vile viwili vikubwa, hufungwa kabla haujafunguliwa: mgombea wao anakuwa mwizi, wapiga kura wao wanakuwa wajinga au wasaliti, na vyama vikubwa havidaiwi maelezo ya aina yoyote.

Tuzitazame tarakimu zenyewe. Nader hakuwa peke yake pembeni. Karatasi ya kura ya Florida ilikuwa na wagombea wanane nje ya vyama viwili vikubwa, na kila mmoja wao, hadi wa mkiani kabisa, alipata kura zaidi ya 537. James Harris, msoshalisti ambaye wengi hata jina lake hawakuwahi kulisikia, alipata 562. David McReynolds, msoshalisti mwingine, alipata 622. Kama kanuni ni kwamba yeyote mwenye kura nyingi kuliko pengo la ushindi ndiye aliyemwangusha aliyeshindwa, basi Harris naye alimwangusha Gore. Hakuna anayesema hivyo, kwa sababu sote tunaona kwamba kanuni hiyo ikinyooshwa kidogo tu inavunjika.

Kuna pia wilaya ya Palm Beach. Huko karatasi ya kura ilipangwa majina pande mbili, kushoto na kulia, na matundu ya kutoboa yakawekwa katikati, hata mtu aliyekusudia Gore akaweza kutoboa tundu la Pat Buchanan. Buchanan, mhafidhina mkali, alipata kura 3,407 katika wilaya iliyokuwa ngome ya chama cha Democratic, na kura nyingine zaidi ya 19,000 zilikataliwa kwa kuwa zilitobolewa mara mbili. Nani aliyeidhinisha mpangilio ule? Msimamizi wa uchaguzi wa wilaya, ambaye alichaguliwa kwa tiketi ya Democratic na aliamini maandishi makubwa yangewasaidia wazee. Simlaumu, nia yake ilikuwa njema. Nasema tu kwamba kosa hilo moja la mpangilio wa karatasi linatosha kuziba pengo la kura 537 mara kadhaa, na bado si ndilo linalokumbukwa.

Uchunguzi wa wapiga kura waliokuwa wakitoka vituoni ulionyesha kwamba zaidi ya mmoja kati ya kila Wademokrasia kumi wa Florida alimpigia Bush. Hao ni watu wengi kuliko waliompigia Nader. Gore alishindwa pia Tennessee, jimbo lake la nyumbani, ambalo kura zake 11 za wajumbe, wale wanaomchagua rais kwa niaba ya jimbo, zingempa urais bila hata kuhitaji Florida. Sababu ni nyingi, na kila moja ingetosha peke yake. Lakini lawama ilitafuta mgongo mmoja, ikaupata kwa yule asiye na jeshi la kumtetea.

Hata hivyo kuna jambo linalonisumbua na sitalificha. Waliompigia Nader walipoulizwa nchi nzima wangefanya nini kama asingekuwepo, karibu nusu walisema wangempigia Gore, takribani mmoja kati ya watano akasema Bush, na waliobaki wakasema wasingepiga kura kabisa. Ukiipeleka hesabu hiyo Florida, Gore anashinda. Basi wanaosema kuwapo kwa Nader kulibadili matokeo wana hoja, na anayewakatalia kabisa anajidanganya. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kutoka "kulibadili matokeo" kwenda "aliiba". Mtu huibiwa kilicho chake. Kura ni ya mpiga kura mpaka anapoitumbukiza sandukuni, na kabla ya hapo haidaiwi na chama chochote. Gore hakuwa na kura 97,488 zilizowekwa amana mahali akaja Nader kuzichota. Alikuwa na nafasi ya kuziomba, kama Nader alivyoziomba.

Nimeanza na Marekani kwa sababu ndiko mfano huu unakochukuliwa, ila hoja zenye uzito zaidi dhidi ya vyama vya tatu ziko kwingine, na mwenye kuupinga upande wangu angefanya vyema kuanzia Kenya. Desemba 1992, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya robo karne, Daniel arap Moi alirudi madarakani kwa takribani asilimia 36 ya kura. Kenneth Matiba alipata kama 26, Mwai Kibaki kama 19, Jaramogi Oginga Odinga kama 17. Karibu theluthi mbili ya wapiga kura walitaka mtu mwingine, wakampata yuleyule. Chama cha upinzani cha FORD, kilichoanza kikiwa kimoja, kilikuwa kimepasuka vipande viwili miezi michache kabla. Hadithi ikajirudia 1997, Moi akapita kwa takribani asilimia 40. Ilipofika 2002 wapinzani waliungana chini ya muungano wa NARC, na Kibaki akashinda kwa asilimia 62. Somo ambalo wengi walilichukua ni fupi: gawanyikeni mshindwe, unganeni mshinde. Ni somo la kweli. Lilipatikana kwa miaka kumi ya ziada ya utawala ambao wengi walikuwa wameukataa kwa kura zao.

Lakini ndani ya kisa hicho swali la nani alikuwa wa tatu halijibiki. Kati ya Matiba, Kibaki na Odinga, yupi alitakiwa kumpisha mwenzake? Kila mmoja alikuwa na sababu za kuamini ndiye mwenye nafasi, na kila mmoja aliwataka wengine wawili wampishe. Anayeshauri "chama kidogo kijitoe" hushauri akiwa anajua matokeo. Siku ya kupiga kura hayajulikani. Uchaguzi ule pia ulikuwa na vitisho na machafuko ambayo hayahusiani na hesabu ya wagombea. Nakubali kwamba mgawanyiko ulimsaidia Moi. Sikubali kwamba kosa lote lilikuwa la kugombea.

Mtaalamu wa siasa Mfaransa, Maurice Duverger, alieleza tangu 1951 kwa nini jambo hili halikomi. Pale ambapo kila jimbo lina kiti kimoja na anayeongoza hata kwa kura moja ndiye anayekibeba, nguvu mbili hufanya kazi pamoja. Ya kwanza ni ya hesabu: chama chenye wafuasi waliosambaa kila mahali kwa uchache hakipati kitu popote. Ya pili iko kichwani mwa mpiga kura, anayeiona hesabu hiyo mapema na kujiambia kwamba kura yake itapotea, hivyo anakwenda kwa mkubwa anayemchukia kidogo kuliko yule mwingine. Chama kinakosa kura kwa sababu watu wanaamini kitakosa kura. Hakuna sera nzuri inayoweza kukitoa chama kwenye mduara huo kirahisi.

Ukitaka kuona nguvu ya kwanza ikifanya kazi bila kificho, tazama Uingereza 1983. Chama cha Labour kilipata asilimia 27.6 ya kura, na muungano wa Liberal na SDP ukapata 25.4. Walitofautiana kwa pointi mbili na kitu. Labour ilipata viti 209, muungano ukapata 23. Kura za Labour zilirundikana kwenye miji ya viwanda, za muungano zilienea nchi nzima kama umande. Mwaka 2015 chama cha UKIP, kilichotaka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, kilipata kura karibu milioni 3.9, asilimia 12.6, na kiti kimoja. Mwaka huohuo chama cha Kiskoti, SNP, kwa asilimia 4.7 za kura za Uingereza nzima, kilipata viti 56. Unaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu UKIP, na yangu si mazuri, lakini watu karibu milioni nne kuwakilishwa na mbunge mmoja ni jambo ambalo mtu mwadilifu hawezi kulipita akiwa amefumba macho.

Hapo ndipo ninapofika kwenye lile ninaloliona halieleweki kuhusu vyama vya tatu. Vinapimwa kwa kipimo cha kushinda, wakati kazi yao kubwa kihistoria imekuwa kulisema jambo miaka kumi au ishirini kabla vyama vikubwa havijapata ujasiri wa kulisema.

Mwaka 1844 Marekani ilikuwa na wagombea wawili wakubwa wa urais, James Polk na Henry Clay. Wote wawili walimiliki watumwa. Wapinga utumwa wachache walikataa kuchagua kati yao, wakampigia James Birney wa Chama cha Liberty. Katika jimbo la New York Birney alipata kura 15,812, na Polk akamshinda Clay huko kwa 5,106. New York ndiyo iliyompa Polk urais. Polk alikuwa mwenye kiu ya kutanua mipaka, na Texas, ardhi ya watumwa, ikaingizwa katika Marekani mwaka uliofuata. Wapinga utumwa walisutwa vibaya: msimamo wenu umewaongezea mabwana wa watumwa jimbo zima! Nimeisoma lawama hiyo na naona ilivyouma, kwa sababu kwa matokeo ya mwaka ule ilikuwa ya haki. Florida ya 2000 ni ndogo mbele ya hii.

Ila hesabu haikuishia 1844. Wafuasi wa Liberty waliingia katika Chama cha Free Soil, ambacho 1848 kilipata asilimia 10 ya kura. Waliotoka huko walikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha Republican mwaka 1854. Mwaka 1860 chama hicho, kikiwa na umri wa miaka sita tu, kilimwingiza Abraham Lincoln madarakani kwa chini ya asilimia 40 ya kura, na miaka mitano baadaye utumwa ukafutwa katika katiba. Salmon Chase, mmoja wa waliokijenga Chama cha Liberty, akawa waziri wa fedha wa Lincoln na baadaye jaji mkuu. Kama watu wale 15,812 wa New York wangesikiliza ushauri wa busara na kumpigia Clay, labda Texas ingesubiri. Lakini ni chama gani kingebeba mbegu ile? Clay asingeibeba. Siwezi kuthibitisha kwamba bila Birney hapangekuwa na Lincoln, na sidai hivyo. Nadai kwamba anayeihesabu hasara ya 1844 lazima aihesabu pia faida ya 1860, na wasuta vyama vya tatu huwa hawafiki huko.

Mfano huo si wa peke yake. Mwaka 1892 chama cha wakulima, People's Party, kilidai kodi ya mapato inayopanda kulingana na kipato na maseneta wachaguliwe na wananchi wenyewe. Kilipata asilimia 8.5 na kikafa baada ya miaka michache. Mwaka 1913 madai yote mawili yalikuwa yamo katika katiba, yakiwa yamepitishwa na vyama vikubwa ambavyo vilikuwa vimeyaita wazimu. Kanada nako, chama cha CCF kikiongozwa na Tommy Douglas kilitwaa jimbo la Saskatchewan mwaka 1944, na 1962 kikaanzisha huko bima ya matibabu kwa kila mtu huku madaktari wakigoma. Mwaka huohuo Douglas, akiwa sasa kiongozi wa chama cha NDP kilichorithi CCF, aligombea ubunge wa taifa mjini Regina akaanguka. Miaka minne baadaye serikali ya Liberal, iliyokosa wingi bungeni, ilipitisha sheria ya kuipeleka bima hiyo nchi nzima. NDP haijawahi kuongoza serikali ya Kanada hata siku moja. Lakini mgonjwa yeyote wa Kanada anayetibiwa bila kutoa fedha mlangoni anaishi ndani ya wazo lake.

Nimekwisha kukitaja chama cha UKIP, na ni haki nikirudie kwa upande huu. Ingawa hakikuwa na nguvu bungeni, kilisaidia kuifanya Uingereza iitishe kura ya maoni ya 2016 na hatimaye kuondoka Umoja wa Ulaya, kwa sababu waziri mkuu David Cameron aliogopa kunyang'anywa wapiga kura. Ukipenda uamuzi ule au usipoupenda, utaratibu ni uleule wa Douglas. Na utaratibu huo hauchagui wema. George Wallace, mtetezi wa ubaguzi wa rangi, alipata asilimia 13.5 na majimbo matano ya Marekani mwaka 1968, na baada yake vyama vikubwa vilianza kuzipigia hesabu kura za wazungu wa Kusini kwa namna iliyowaumiza Wamarekani weusi kwa miaka mingi. Mlango ukifunguka, hauulizi anayeingia ana nia gani. Hili ni pingamizi ambalo sina jibu lake kamili. Naweza tu kusema kwamba ubaguzi ulikuwemo ndani ya vyama vikubwa kabla ya Wallace, na kwamba kuufungia mlango mgombea hakuufuti msimamo ulio vifuani mwa watu.

Sasa changamoto. Nyingi zinajulikana na sitazirefusha: fedha hazipo, vyombo vya habari havitumi waandishi, watu wenye uwezo wa kuongoza hawataki kupoteza miaka yao kwenye chama kisichotoa nafasi. Ninayotaka kuyasisitiza ni yale yanayotengenezwa kwa makusudi na walioko ndani. Mwaka 1992 Ross Perot alipata kura milioni 19.7, asilimia 18.9 ya Wamarekani waliopiga kura, na hakupata hata kura moja ya wajumbe. Alishiriki midahalo ya mwaka ule, akazungumza kuhusu nakisi ya bajeti mpaka wenzake wakalazimika kulizungumzia, na kufikia 1998 bajeti ya serikali ilikuwa na ziada kwa mara ya kwanza tangu 1969. Sisemi ni yeye aliyeifanya, bali aliifanya isikwepeke. Mwaka 1996 aligombea tena, safari hii akiwa na ruzuku ya serikali kwa sababu ya kura zake za awali, na tume ya midahalo ikamfungia nje. Tume hiyo ilianzishwa 1987 na wenyeviti wa vyama viwili vikubwa. Kuanzia 2000 ikaweka sharti la asilimia 15 katika kura za maoni. Mtu anatakiwa ajulikane ndipo aonekane, na haonekani mpaka ajulikane.

Kila jimbo la Marekani lina masharti yake ya kuingia kwenye karatasi ya kura: saini maelfu kwa maelfu, tarehe za mwisho zinazokuja mapema, ada. Chama kidogo hutumia nusu ya nguvu zake kuingia ulingoni na kufika kimechoka. Watetezi wa masharti hayo husema karatasi yenye majina hamsini humchanganya mpiga kura. Ni kweli, na Palm Beach imetuonyesha mpangilio mbaya unavyoweza kuumiza. Lakini kuna nafasi kubwa kati ya majina hamsini na mawili.

Kuna pia vyama vya tatu ambavyo havistahili utetezi wangu. Vipo vyama pandikizi, vinavyosajiliwa na kupewa fedha na walioko madarakani ili wapinzani wa kweli wagawane kura, na vipo vinavyoibuka karibu na uchaguzi, vikasindikiza, kisha wenyewe wakapangiwa vyeo. Wanaoitwa wasindikizaji wameivunjia heshima kazi nzima. Mpiga kura aliyedanganywa mara moja na chama pandikizi hatamwamini tena hata mwenye nia safi, na huenda hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote kwa aliyekipandikiza. Dalili ziko wazi kwa anayetaka kuziona: chama kisicho na mkutano kati ya uchaguzi na uchaguzi, kinachomshambulia mpinzani kila siku na mtawala kamwe.

Na vipi kikifanikiwa? Mafanikio nayo yana mtego. Liberal Democrats wa Uingereza waliingia serikalini na Conservative mwaka 2010 wakiwa na viti 57. Walikuwa wameahidi kupinga ongezeko lolote la ada za vyuo vikuu. Wakiwa serikalini kiwango cha juu cha ada kikapandishwa hadi karibu mara tatu ya kile cha awali. Mwaka 2015 walibaki na viti 8. Mdogo akiingia serikalini hubeba lawama za mkubwa bila kugawiwa sifa zake. Wakosoaji hutazama upande wa pili wa jambo hilohilo, yaani mdogo kuwa na nguvu kuliko kura zake, na mfano wao mzuri ni New Zealand ya 2017. Chama cha National kilipata asilimia 44 na kikawa cha kwanza, lakini Winston Peters wa NZ First, mwenye asilimia 7, akachagua kumpa uwaziri mkuu Jacinda Ardern wa chama cha Labour. Wapo walioona ni dharau. Mimi naona hivi: National haikufika nusu, na vyama vilivyomuunga mkono Ardern kwa pamoja vilifika. Asiyefika nusu hana haki ya kulalamika kwamba ameombwa atafute wenzake.

Ndiyo maana naamini ugomvi wetu tumeuelekeza pasipo. Malawi inaonyesha hili kuliko nchi yoyote ninayoifahamu. Mei 2019 Peter Mutharika alitangazwa rais kwa asilimia 38.6, Lazarus Chakwera akiwa na 35.4 na Saulos Chilima wa tatu akiwa na 20. Kwa mantiki ya Florida, Chilima ndiye aliyemwangusha Chakwera. Februari 2020 mahakama ya katiba ilifuta uchaguzi kwa kasoro zake, na ikatamka kwamba neno "wingi" katika katiba maana yake ni zaidi ya nusu. Kanuni ilipobadilika, Chakwera na Chilima hawakuwa tena na sababu ya kusukumana; Chilima akawa mgombea mwenza, na Juni 2020 wakashinda kwa karibu asilimia 59. Miezi kumi na tatu tu ilikuwa imepita. Ghana nayo, Desemba 2008, Nana Akufo-Addo aliongoza kwa asilimia 49.13, John Atta Mills akapata 47.92, na Paa Kwesi Nduom wa CPP akapata asilimia 1.34. Chini ya kanuni ya anayeongoza ndiye mshindi, Akufo-Addo angeapishwa. Chini ya kanuni ya nusu na moja walirudi kwenye duru ya pili, Mills akashinda kwa kura 40,586. Waliompenda Nduom walimpigia Nduom duru ya kwanza, kisha wakapewa nafasi ya kusema kati ya wawili waliobaki wanamtaka yupi.

Duru ya pili si dawa ya yote. Ufaransa 2002 ilikuwa na wagombea 16, mrengo wa kushoto ukajigawa mno hata Lionel Jospin, mwenye asilimia 16.18, akapitwa na Jean-Marie Le Pen mwenye 16.86 na kukosa duru ya pili kabisa. Jean-Pierre Chevènement peke yake alikuwa na zaidi ya asilimia 5. Kwa hiyo wapo wanaopendelea mpiga kura awapange wagombea, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na anayeshika mkia akitolewa kura zake ziende kwa chaguo lao linalofuata. Jimbo la Maine lilikubali utaratibu huo kwa kura ya wananchi mwaka 2016, baada ya gavana kuchaguliwa 2010 kwa chini ya asilimia 38, na 2018 ukatumika kumchagua mbunge aliyekuwa wa pili katika hesabu ya kwanza. Waingereza, kinyume chake, waliukataa utaratibu wa namna hiyo mwaka 2011 kwa karibu asilimia 68. Wana haki yao. Ila aliyeukataa hawezi tena kumsuta jirani yake kwamba amegawa kura.

Baada ya 2000 ungetegemea chama cha Democratic kiwe cha kwanza kuudai utaratibu kama huo Florida, maana ndicho kilichoumia. Nader aligombea tena 2004, na nguvu kubwa ya Wademokrasia ikaenda mahakamani, jimbo baada ya jimbo, kumwondoa kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2016 hesabu ilijirudia Michigan: Donald Trump alishinda kwa kura 10,704, na Jill Stein wa Chama cha Kijani alikuwa na 51,463. Lawama zikawa zilezile, kwa maneno yaleyale. Na Florida yenyewe, chini ya Republican, mwaka 2022 ilipitisha sheria inayopiga marufuku kuwapanga wagombea kwa chaguo la kwanza na la pili katika uchaguzi wowote ndani ya jimbo, hata wa mji mdogo. Anayefikiri leo kama walivyofikiri wale 97,488 bado anapewa karatasi ya kuweka alama moja.